Dereva Aliyeizima Treni ya Mkongo

Nakumbuka vizuri, wanangu, asubuhi ile Mzee Kibwana alipokuja kazini amevaa kanzu. Haikuwa kawaida yake. Siku zote alikuja na ovaroli ya buluu, imefuliwa mpaka magotini imekuwa nyeupe, na kitambaa cha kufutia mafuta kinaning'inia mfukoni. Kumwona kwa mbali anakuja na kanzu na kofia, siku ambayo si Ijumaa wala sikukuu, nikadhani amefiwa. Nikajitayarisha kumpa pole.

Lakini nikianza na asubuhi hiyo mtanipotea. Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Ninyi mnapita Mkongo na bodaboda zenu, mnaliona lile tuta refu linaloshuka kuelekea mtoni, limeota majani, watu wanaanika mpunga juu yake. Hakuna anayeuliza tuta la nini. Lile lilikuwa tuta la reli. Kabla sijazaliwa palikuwa na kiwanda cha mbao, na vigari vya reli vilibeba magogo. Kiwanda kikafa, reli ikabaki kwenye nyasi. Halafu nilipokuwa msichana, wakati pale Ndundu mto bado tunauvuka kwa pantoni, daraja halijajengwa, ikaja kampuni moja ya kupokea watalii. Walikuwa na kambi huko juu ya mto. Wakaifufua ile reli, wakaleta kichwa cha treni cha mvuke, kidogo, kizee, kilichokuwa kimelala miaka mingi kwenye shamba la mkonge. Wakakifungia mabehewa mawili ya wazi yenye mabenchi, ili wageni wakitoka Dar wateremke Mkongo barabarani, wapande treni ya kizamani mpaka ukingoni, na hapo boti ziwachukue kwenda kambini. Wageni walilipenda jambo hilo kuliko viboko na mamba.

Sasa, kuleta treni ni jambo moja, kupata watu wa kuiendesha ni jambo jingine. Treni za mvuke zilikuwa zimeshaondolewa nchini. Waliozijua walikuwa wamestaafu, na wengi wao wameshazikwa. Hizi treni za umeme mnazopanda Dar hazina moshi, dereva anakaa kwenye kiti na kiyoyozi kinampuliza. Ile yetu ilikuwa moto na maji. Kulikuwa na pipa kubwa la chuma limejaa maji, na nyuma yake tanuru la kuni. Maji yakichemka, mvuke wake ndio unaosukuma magurudumu. Na maji yakipungua kupita kiasi huku moto unawaka, chuma kinalainika, pipa linapasuka, na walio karibu wanazikwa vipandevipande. Kwa hiyo pale anaposimama dereva kuna kibomba cha kioo kinachoonyesha maji yamefika wapi. Kifupi tu, kama kutoka kiwiko changu hiki mpaka vidoleni. Uhai wa watu wote wa treni unategemea mtu mmoja kukitazama kioo hicho na kuona sawasawa.

Kampuni ilitafuta dereva mpaka ikachoka, ndipo wakampata Mzee Kibwana huko Kibiti, anapalilia mikorosho yake. Alikuwa Mmatumbi wa kutoka milimani kusini. Aliendesha treni za mvuke kwenye reli ya kati tangu ujana wake mpaka zilipoondolewa, akarudi pwani na kupata shamba. Mke wake alikuwa ameshakufa, watoto wake wanaishi mbali. Watu wa Kibiti walisema alipoambiwa kuna kichwa cha mvuke Mkongo, aliliacha jembe palepale kwenye mstari wa palizi.

Mchochea moto wake alikuwa Shamte, kijana wa visiwani kule deltani, aliyezoea mashine za boti. Mwenye nguvu, mcheshi, mikono yake haichoki. Na mimi, Hawa, binti wa Mkongo niliyemaliza darasa la saba na kukaa nyumbani na mama yangu, nikaajiriwa kuwa gadi. Nilikaa behewa la mwisho na bendera ya kijani na nyekundu, nikawapandisha wageni, nikapuliza filimbi, nikaangalia nyuma na pembeni mpaka tunafika. Mwanamke kuwa gadi, wanangu, wakati ule. Watu walikuwa wanatoka majumbani kuja kunitazama.

Nisiwadanganye, tulikuwa na furaha. Treni ile ililisha kijiji. Wanaume walikata kuni, wengine walishindilia kokoto chini ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, kila mvua ikilibomoa tuta. Kina mama walipanga mikeka na vikapu kule ukingoni, wageni wakishuka wananunua. Mama yangu naye alisuka. Na Mzee Kibwana alikuwa mfalme wetu. Alikuwa anaongea na kile kichwa cha treni kama mtu anaongea na punda mzee, kwa upole, na kukikaripia pale tu inapobidi. Shamte alimwita baba. Alimfundisha Shamte kupanga kuni, kuuweka moto uwe sawa pande zote, kusikiliza mvuke. Lakini mkono wa kuendeshea, ule wa kuufungulia mvuke uende kwenye magurudumu, hakumwachia. Shamte akiomba, mzee anacheka tu, anasema, "Utaushika mpaka uuchoke. Leo chochea."

Msimu wa pili nikaanza kuona vitu vidogo. Mzee anapitiliza mahali pa kusimama, abiria wanashukia kwenye majani. Mzee anaitikia salamu ya mtu ambaye hakumsalimia. Nikadhani ni uzee wa kawaida. Sikuwa kule mbele, sikujua kwamba kule mbele Shamte ndiye aliyekuwa anamwambia maji yamefika wapi.

Kisha ikaja siku ya Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa mama wa makamo, jirani yetu, fundi wa mikeka. Tulikuwa tunashuka na wageni, mchana, jua kali, tumefika pale njia ya kwenda mashambani inapokata reli. Mzee alikuwa na desturi ya kupiga honi pale kila siku, na mtu akionekana njiani anapiga tena na tena mpaka apishe. Siku ile alipiga mara moja, fupi, kwa mazoea. Mimi niko nyuma, naona mzigo mkubwa wa milala ya kusukia umeanguka pembeni ya tuta, kisha namwona Bi Tatu chini yake, kwenye mtaro, ameshika mkono wake na mdomo uko wazi. Tukampita. Aliruka mwenyewe. Angekawia kidogo tu, magurudumu yangempitia.

Nikapunga bendera nyekundu. Shamte aliiona, treni ikasimama mbele zaidi. Nikakimbia nyuma kwa Bi Tatu. Mkono ulikuwa umevunjika. Akanishika kanga kwa mkono ule mzima, akaniambia, "Hawa, usiseme. Wakijua treni nusura inigonge, watatukataza kupita na kuuza kule chini. Sema nimeteleza." Basi nikawaambia wageni ameteleza, na kule mbele nikasema ni mzigo tu umeanguka njiani. Akapelekwa kwa mganga wa mifupa, akafungwa mkono.

Lakini jioni ile, kabla jua halijazama, nilimfuata Mzee Kibwana. Alikuwa amekaa kwenye gogo nje ya banda la treni, anajaza mafuta kwenye oili keni yake, kile kikopo cha mdomo mrefu. Nikapiga goti, nikamwamkia, kisha nikamuuliza.

"Babu, yule mama leo, hukumwona?"

"Mama gani?"

Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza habari za jirani. Akaendelea kumimina mafuta kidogo, halafu mkono ukasimama.

"Alikuwa reli ya upande gani?" akauliza.

"Katikati, babu. Alikuwa katikati ya reli."

Alinyanyua uso akatazama upande wangu, na mimi kwa mara ya kwanza nikayaangalia macho yake vizuri. Yalikuwa na ukungu, kama kioo cha taa ya chemli kilichoshika moshi. Akaniambia niende nyumbani, mama yangu atakuwa ananingoja. Nilipogeuka nikamwona bado amekaa vilevile.

Siku iliyofuata alikwenda ofisini kwa meneja. Mambo ya ndani ya ofisi ile nilikuja kuyasikia kwake mwenyewe baadaye. Alimwambia meneja kwamba macho yake yamekwisha na haendeshi tena. Meneja hakuwa mtu mbaya, wanangu, msimfikirie vibaya. Alikuwa kijana mwenye mzigo mkubwa. Keshokutwa yake walikuwa wanakuja mawakala, watu wanaoleta wageni kutoka nchi mbalimbali, na wao ndio wangeamua kama treni ile itaendelea au itafungwa. Akamwomba mzee aendeshe siku hiyo moja tu, Shamte amsaidie kuona, halafu watatafuta mtu. Mzee akasema hapana. Meneja akasema basi Shamte ataendesha. Mzee akasema Shamte hajaiva. Meneja akamjibu, kwa heshima, kwamba hana mtu mwingine.

Ndipo ikafika asubuhi ile ya kanzu.

Shamte alikuwa amewasha moto tangu alfajiri. Treni imefutwa, inang'aa, imefungwa maua. Mawakala wameshafika, wamepanda mabehewa, kina mama wameshatangulia ukingoni na mikeka yao, hata Bi Tatu na mkono wake uliofungwa. Shamte amesimama mahali pa dereva, amevaa ovaroli mpya, ameushika ule mkono wa kuendeshea aliokuwa anautamani siku zote. Mzee akaja pembeni ya treni na kanzu yake. Nikaenda kumpa pole, akanipita bila kunisikia.

"Shuka, mwanangu," akamwambia Shamte.

"Meneja kaniagiza, baba."

"Nimekusikia. Shuka."

Shamte hakushuka. Mzee akapapasa mkono wa ngazi, akapanda mwenyewe. Nilikuwa nimesimama chini, karibu, nikawasikia.

"Maji yako wapi?" mzee akauliza.

"Yapo, baba."

"Sikukuuliza kama yapo. Nimekuuliza yako wapi."

Shamte ndipo akageuka kutazama kile kioo. Ndipo akageuka, wanangu. Sijui maji yalikuwa wapi. Nimejiuliza maisha yangu yote. Huenda yalikuwa tele. Shamte siku zote alisema yalikuwa tele. Lakini mzee hakungoja jibu. Alivaa glovu za Shamte zilizokuwa zimetundikwa pale, akafungua mlango wa tanuru, akachukua lile koleo refu la chuma, akaanza kuvuta magogo yanayowaka na kuyatupa nje kwenye kokoto. Moja baada ya jingine. Moshi ukajaa. Mkono wa kanzu ukashika cheche, akaupangusa kwenye ukuta wa chuma akaendelea. Meneja akaja mbio, akasema mzee, mzee, unafanya nini, na mzee hakumjibu. Shamte alikuwa na nguvu za kumwinua mzee yule kama mtoto na kumshusha chini. Aliweka mkono begani kwake, kisha akautoa. Akaenda kona ya pili, akaficha uso.

Wale wageni walishangilia. Walidhani ni sehemu ya maonyesho, dereva wa zamani na kanzu yake anaonyesha jinsi moto unavyotolewa. Walipiga picha nyingi. Mpaka sasa huenda kuna mtu ana picha hiyo ukutani kwake, hajui anachokitazama.

Moto ulipokwisha, mzee akashuka. Akamwambia meneja, "Nisamehe. Wapeleke watu kwa gari." Kisha akatembea kuelekea barabarani, anatafuta njia kwa miguu, na hakuna aliyemfuata.

Treni ile haikutembea tena. Mawakala walipelekwa kwa gari, walikula, walishukuru, wakaondoka, na hawakurudi. Kampuni ilitafuta dereva mwingine, mmoja wakampata mgonjwa, mwingine akaja akaitazama, akaondoka. Masika ile mto ulikuja juu ukabomoa tuta, na hakukuwa na sababu ya kulijenga. Meneja akaondoka. Kambi ikahamia mbali, wageni wao wakawa wanakwenda kwa ndege ndogo. Kile kichwa cha treni kilikaa bandani mpaka popo wakaingia kwenye bomba lake la moshi, halafu watu wa vyuma chakavu wakaja na mashine ya kukatia.

Kijiji kilimchukia Mzee Kibwana. Nasema kweli, kilimchukia. Wakata kuni walimlaani waziwazi. Kina mama walirudi kuuza mikeka barabarani, ambako magari hayasimami. Nilikwenda kwa Bi Tatu, nikitegemea kwamba yeye angalau atakuwa na neno zuri, maana kama si siku yake, mzee asingejua. Alikuwa anasuka kwa mkono mmoja na meno. Akaniambia, "Mkono wangu umepona ukapinda, sina neno. Soko halikupona. Angetuuliza kwanza." Sikumwambia kwamba ni mimi niliyemwambia mzee. Sijamwambia mtu mpaka leo hii, na sijutii kumwambia yule mzee, ila nimelibeba.

Mimi nami nilirudi jikoni kwa mama. Ile bendera ya kijani alishonea mto wa kulalia.

Baada ya muda nikaolewa Kibiti, na hapo ndipo nilipomwona tena Mzee Kibwana. Alikuwa anakaa kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya soko, macho yamefunga kabisa, mtoto wa jirani anamchotea maji. Nilikwenda na ugali na samaki, na hasira. Nilikuwa kijana, nilikuwa na mimba ya kwanza, mume wangu hana kazi ya maana, na kila nikifikiri nilipoanguka naiona ile kanzu. Alipokwisha kula nikamwambia yaliyokuwa moyoni. Nikamwambia angevumilia siku ile moja tu. Siku moja, mawakala waondoke, halafu astaafu kwa heshima, wote tungekuwa tunakula.

Hakukasirika. Alinawa mikono taratibu, akaifuta.

"Hawa," akasema, "ile siku ya yule mama, mimi nilirudi bandani nikala nikashiba. Nilisali alasiri, nikamshukuru Mungu kwa siku njema. Mpaka uliponiambia. Unaelewa? Kama ningemkanyaga, ningeshukuru vilevile. Mtu aliyefika hapo, siku moja zaidi anaiomba kwa nani?"

Nikaanza kukusanya vyombo.

"Lakini hilo si kubwa," akaendelea. "Kubwa ni Shamte. Yule kijana alikuwa na kila kitu. Mimi ndiye niliyemnyima. Misimu miwili aliniomba ule mkono, nikamchekea. Nilijua macho yanakwisha, Hawa. Nilijua tangu shambani, nilipokuwa napalilia na kukata miche ya korosho badala ya majani. Nikaja hivyohivyo, kwa sababu nilitaka kuusikia ule mvuke tena. Nikasema nitamfundisha. Na kila asubuhi nikiwa pale juu, nasema kesho. Kama ningemfundisha, siku ile angekuwa ameiva, na mimi ningekaa kwenye behewa kama mgeni. Mlipoteza kazi si kwa sababu nilizima moto. Mlipoteza kwa sababu niliupenda peke yangu."

Halafu akanikaripia, na ndilo karipio ninalowaletea leo. "Na wewe," akasema, "usije hapa na chakula na kinyongo kwenye sahani moja. Ukitaka kuniletea kinyongo, kilete peke yake, nitakipokea. Chakula ukikileta, kiwe chakula."

Nililia njia nzima. Lakini nilirudi, na nikarudi tena. Kila nilipopata kitu nilimpelekea, na nikikosa nilikwenda kukaa tu. Alikuwa ananiuliza, "Leo kuna nani barazani kwa watu?" Namtajia majina, anasema waambie nawasalimu. Nilikuwa nawafikishia salamu. Wachache waliitikia. Hata msikitini, watu walikuwa wanamwongoza kwenye safu kwa sababu ni kipofu na dini inataka, kisha wakitoka wanamwacha mlangoni mpaka mtoto wa jirani amfuate.

Kinachoniumiza, wanangu, ni kwamba hakuna siku iliyokuja kuonyesha kwamba alikuwa na haki. Mtu akiokoa wengine motoni, watu wanauona moto. Yeye aliwaondoa watu kwenye balaa ambalo halikutokea, na kwa kuwa halikutokea, hakuna aliyeliona. Wale mawakala walirudi kwao wazima. Shamte aliishi. Mimi niko hapa naongea nanyi. Hakuna anayeweza kusema hao wote wangekufa, na yeye mwenyewe hakulisema kamwe. Alikaa gizani na uamuzi wake, peke yake, mpaka mwisho.

Alikufa wakati wa masika, barabara zimekatika. Watoto wake hawakuwahi mazishi. Waliobeba jeneza walikuwa majirani na mume wangu, na kwa uchache wao walilazimika kupokezana bila kupumzika. Wanawake tulikuwa ndani, mimi na vikongwe wawili. Nilitoa kile kitambaa chake cha mafuta kwenye sanduku nikakifua. Sijui kwa nini nilikifua.

Shamte alikuja baada ya arobaini. Alikuwa dereva wa lori siku hizo, anakaa Mbagala, ameota kitambi. Nilimpeleka makaburini. Alisimama pale muda mrefu, viatu vimezama kwenye tope.

"Nilimwita baba," akasema, "akanidhalilisha mbele ya watu wote wale. Nimekuja nikidhani nitalia."

"Hukumsamehe?" nikamuuliza.

"Sijui, dada. Mara nyingine nikiwa barabarani, usingizi umenijia, naisikia ile sauti yake. Maji yako wapi. Nasimamisha gari pembeni, nalala. Bosi ananifokea nimechelewa. Basi sijui kama hiyo ni kumsamehe au ni kumwogopa."

Tulimwombea dua, akaondoka. Hatujaonana tena.

Basi wanangu, niliyotaka kuwaambia ni haya, na yapokeeni hata kama yanachosha, maana nami nimechoka kuyabeba. Kila kazi utakayoipata ina mwisho wake, na mwisho huo utaujua wewe kabla ya mwenzako yeyote. Mkono utatetemeka, jicho litapungua, akili itasahau kitu ambacho haikuwa ikisahau. Siku hiyo sema. Usingoje aliye chini yako aseme, ataogopa kukuvunjia heshima. Usingoje aliye juu yako, yeye ana wageni wanakuja. Sema mwenyewe, na ujue kwamba huenda hutashukuriwa, na huenda watakaokuchukia ni walewale uliowahurumia. Sema vilevile.

Lakini kabla hujafika huko, fundisha. Ukiwa bado unaona, mwachie kijana ashike, akosee ukiwa pembeni yake, umrekebishe. Msipende kazi zenu kama mtu anavyopenda kitu cha kufungia kabatini. Mzee Kibwana alikuwa mtu mwema kuliko wengi niliowajua, na hilo moja lilimtosha kuangusha kijiji.

Na akitokea mtu amesema kweli, na kweli hiyo ikakupotezea riziki, una haki ya kuumia. Umia. Lakini usimwache ale peke yake. Mimi nilikwenda kwake, namshukuru Mungu kwa hilo, ila nilikwenda peke yangu, na mtu mmoja hatoshi kuwa watu.

Haya, jua limesogea, na wengine mna safari. Mungu awatangulie katika kazi mnazokwenda kuzishika. Awape walimu wasiowanyima, na nanyi mkiwa wakubwa awape mioyo ya kuachia. Awaepushe na ajali mnazoziona na zile msizoziona. Na yule mzee wetu, Mola ampe nuru huko alikolala, kwa yale macho aliyotuachia duniani. Amin. Nendeni salama, wanangu, na mkifika mtume salamu.